Kifaa cha Nne

Ziwa Mwitanzige halina kina cha kutisha:
mita hamsini na ushei, ukilipima kwa kamba.
Cha kutisha kimo chini ya tope,
kilomita kadhaa za mashapo,
na chini ya mashapo mwamba uliopasuka
kama muhogo mkavu, kwa urefu.

Tulishusha vifaa vitano kutoka Ntoroko, mwezi wa tatu,
mimi na Thembo na nahodha Jalobo,
aliyeuliza kimoja ni bei gani
na alipojibiwa akahamia upande wa pili wa boti.
Tufe la kioo, betri, saa isiyokosea,
nanga ya chuma,
na sikio lisilochagua la kusikia.

Mama yangu angeelewa, Abwoli wa Kisomoro.
Usiku ule ardhi ilipojigeuza
ukuta wa chumba chake ulichanika toka dirishani hadi chini.
Wakamwambia: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hakuziba.
Alitwaa mkaa, akachora mstari kuvuka ufa,
akaandika tarehe.
Kila Pasaka, mstari mwingine.
Nikiwa na miaka tisa niliweza kuusoma ukuta:
nusu ya mstari imepanda, nusu imeshuka,
nyumba inatembea bila miguu.
Majirani walisema huzuni imemla akili.
Mimi nasema alikuwa na takwimu za miaka kumi na moja
na hakuwa na pa kuzipeleka.

Baada ya miezi saba tukarudi, tukaviita
kwa mlio ambao samaki husikia, mtu hasikii.
Cha kwanza kikaibuka. Cha pili.
Cha tano, na konokono mgongoni.
Cha tatu kilikuja kimejaa maji, kiziwi.
Cha nne hakikuitika.
Jalobo akasema, hata mtoto mtukutu
huitika mara ya tatu. Huyo mzikeni.

Kumbe nanga ilikuwa imekatika zamani.
Ayerango, mkausha samaki,
alikikuta kwenye magugumaji wiki sita nyuma,
akakiburura hadi nyumbani,
akakikalia akipaa samaki.
Hakutaka pesa. Alitaka kigoda cha kufidia.

Fort Portal, mvua juu ya bati, nafungua kumbukumbu.
Miezi ya tope: mikwaruzo midogo ya dunia,
injini za boti alfajiri, zikienda, zikirudi.
Kisha vurugu, mawimbi, mchanga.
Kisha utulivu wa sakafu ya udongo.
Mchi. Mlango. Mchi.
Mtoto anayejifunza kutembea:
hatua tatu, kishindo, kimya
(kilio hakionekani kwenye grafu),
hatua nne.

Halafu usiku, saa tisa na dakika kumi na moja,
tetemeko. Dogo, la redio kutolitaja.
Wimbi la mbele, wimbi la nyuma,
na nafasi kati yao ikisema: kilomita ishirini hivi,
chini ya ziwa, kwenye ufa wetu.
Sekunde nne.
Nyayo, kutoka kitandani.
Zikasimama. Zikaenda mlangoni,
sasa nzito kidogo, uzito wa mtoto mmoja.
Dakika ishirini, hakuna kitu.
Nyayo zikarudi.

Kanuni ya kazi iko wazi: kelele za binadamu hufutwa.
Nimefuta mchi. Nimefuta mlango.
Kwenye nyayo nikachapa ukurasa,
nikapiga mstari wa penseli kuzivuka,
nikaandika tarehe.

Kigoda tulikipeleka Jumatatu, cha mvule, miguu mitatu.
Ayerango akakikalia. Kikayumba.
Thembo akainama kutafuta mguu mfupi,
akatoa kisu achonge.
Acha, mama akasema, akimhamisha mtoto pajani.
Si kigoda.
Ni sakafu. Tangu mwezi ule
imeinamia ziwani.