Fundo la Kumi na Tisa

Kamba ya kisima cha shangazi Nyanzala ina mafundo,
moja kila dhiraa. Aliyafunga mwenyewe
mwaka wa mvua nyingi, mwaka aliozaliwa Luhende.
Siku hizo ndoo ilikuwa ikigusa maji fundo la saba.
Sasa inashuka, inashuka,
mpaka fundo la kumi na tisa ndipo inapogonga,
na kinachopanda ni tope lenye harufu ya sarafu.

Ziwa tunaliona, usituonee ajabu.
Panda jiwe kubwa nyuma ya zahanati:
liko pale, linang'aa
kama bati jipya la nyumba ya mtu mwingine.
Kilomita kumi na nne, mlima katikati,
na ndoo haijawahi kuota magurudumu.

Vuli ilipita juu yetu kama mgeni wa jirani:
tulimsikia akikohoa upande wa Magu,
tukafagia uwanja, hakuingia.
Masika yakatupa siku tatu za matope.

Kule chini ya majabali, kwenye iziba,
chemchemi ilikuwa ikijaza ndoo
kwa muda wa kusuka nusu kichwa.
Februari, Mbuke alisukwa kichwa kizima,
akasukwa na mdogo wake,
ndoo ikawa bado nusu.
Machi wakaja nyuki kunywa unyevu wa jiwe.
Aprili nyuki nao hawakuja.

Ningeweza kuishia hapo, nikalaumu mbingu.
Lakini mimi ndiye mwenye ufunguo wa pampu.

Bondeni, shamba la matikiti la Bwana Sagenda,
mita tisini ndani ya jiwe.
Nilikuwepo walipochimba: siku tatu mashine ilitema
unga mweupe tu, kama wa muhogo,
siku ya nne ikapata ufa,
maji yakaruka juu kuliko lori.
Nilishangilia. Nililowesha suruali ya Krismasi.

Hata dizeli hainywi. Ni ya sola:
jua lilelile lililokausha lambo
ndilo linaloizungusha,
na kadiri linavyochoma ndivyo inavyovuta.
Katika daftari naandika saa, mita, sahihi.
Hakuna safu ya kamba ya shangazi.

Alikuja binti mmoja wa ofisi ya bonde,
na utepe unaolia ukigusa maji.
Nikamuuliza kwa mzaha:
kisima kile na hiki vinajuana?
Hakunijibu kwa maneno ya semina.
Alinunua soda moja, mirija miwili,
mmoja akaukata mfupi, akanipa.
"Kunywa," akasema, naye akaanza kuvuta.
Wangu ukapiga kelele za hewa
chupa ikiwa bado na soda.

Sauti ile naisikia usiku.

Jumamosi pampu ilizimika.
Nikampigia bosi: fyuzi, nikamwambia,
mpaka itoke mjini.
Jumapili matikiti yalilegeza majani.
Jumatatu, kabla ya jogoo wa pili,
shangazi aliteremsha kamba,
akaisoma kwa vidole gizani,
kumi na tano, kumi na sita,
kumi na saba.
Chubwi.

"Leo imegusa mapema," akasema,
akanitazama muda mrefu kidogo
kuliko ilivyohitajika.
Hakuuliza. Mshahara wangu ndio dawa yake ya presha.

Mafundo mawili si mvua, najua.
Saa moja na nusu, simu ya bosi inaita, inaita,
nami nimesimama na kikombe cha chai,
mchanga kidogo chini yake,
na fyuzi, nzima kabisa,
iko mfukoni mwangu tangu Jumamosi.