Nakala Mbili

Kila Jumatatu Verna Moonias huingia na baridi mabegani,
hung'uta theluji mlangoni, huweka kadi ndogo kwenye kaunta
na kusema lile lile: "Mbili mbili, Mwanaidi."
Jina langu hulitamka taratibu, hamwagi hata silabi.

Kazi yangu ni mashine. Wino, karatasi, bahasha.
Nyuma yangu dawa za kikohozi, mbele yangu Thunder Bay
na moshi wa kinu ukiinamia ziwa lililoganda.
Sitakiwi kutazama.
Lakini picha hutoka moja moja, zingali na joto la maandazi,
nami nina macho.

Mikono ya Bi Hazel ikitunga shanga kwenye kiatu cha mtoto,
uzi ameubana kwa meno.
Vijana wanne wakivuta wavu chini ya barafu,
mmoja anacheka, glavu yake imekwenda na samaki.
Magauni mekundu yametundikwa mbele ya mahakama,
upepo umeyajaza, hakuna aliyeyavaa.
Mazishi: viatu tu. Jozi kumi na tisa za viatu kwenye matope,
maana nyuso ziliomba ziachwe.

Nikamuuliza, nakala ya pili ya nani?

"Ya kwanza ni ya mwenye uso. Ya pili ya sanduku langu.
Bibi yangu alipigwa picha moja maishani, shule ya bweni,
nywele zimekatwa, kola inamkaba.
Iko jumba la makumbusho, kusini huko.
Nyuma wameandika: msichana, jina halijulikani.
Na sisi nyumbani tulimwita kutwa, aje ale."

Akalipa. Akahesabu chenji. Akaenda.

Mara moja namba ziliruka:
picha ya mia nne na kumi, watu wanashikana mikono kwa duara;
ya mia nne kumi na moja, viti vinakunjwa, ukumbi mtupu.
Katikati saa nzima haipo.
Nikampigia simu, nikamwambia kadi imeharibika.
Akacheka hadi akakohoa.
"Saa ile ngoma zilikuwa zinaongea. Kamera ilikuwa mfukoni."

Kwetu husema mwenye macho haambiwi tazama.
Hawakusema nani wa kumwambia afumbe.

Mimi mwenyewe aliniomba, nikakataa mara mbili:
mara ya kwanza kwa ajili ya ushungi uliokunjamana,
mara ya pili sijui kwa nini.
Ya tatu nikanyamaza, akangoja, nikatikisa kichwa ndiyo.

Leo nimejichapisha.
Nimesimama kando ya mashine, mwanga wake shavuni,
nimeinamia nyuso za watu wengine.
Nimezitoa mbili, sikuambiwa.
Verna amezigeuza, mgongo juu, akanipa kalamu.

Nikaandika langu, na la baba, na Ngamiani, Tanga.
Wino umetapakaa kidogo kwenye herufi ya mwisho;
karatasi ilikuwa bado na joto.