Mfuko wa Dod

Barabara kuu ya Aberdeen mimi siipiti.
Huko malori hupita na upepo wao,
unakusukuma kwanza, kisha unakuvuta,
na baiskeli inatetemeka kama meno ya mwenye homa.
Nilijaribu mara moja, mwaka ule wa nyonga mpya.
Nilirudi Forfar nikiikokota,
kokoto viatuni,
mkate wa nyama umepondeka mfukoni.

Dod Ogilvie hakunicheka.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa tarishi wa posta;
anajua kila lango,
na kila mbwa anamjua mpaka jina la mamaye.
Alichukua mfuko mtupu wa unga, akaupasua,
akaulaza mezani pangu kati ya vikombe,
akachora kwa penseli ya seremala.
Barabara alizichora haraka haraka.
Alichokawia nacho ni saa.

*Drumlethie: lori la maziwa, saa moja na dakika arobaini.
Likishapita, njia ni yako hadi adhuhuri.
Kirkton: Jumanne usiende, kuna mnada wa ng'ombe.
Kwa Binnie: trekta. Lakini Binnie atasimama,
atazima injini, atakuuliza hali ya nyonga.
Huo si msongamano, Elspeth. Hayo ni mazungumzo.*

Basi nikaenda.
Mwezi wa Mei, lami nyembamba kama mshipi,
katikati yake majani yameota mstari,
kushoto ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji,
kulia vichaka vya miiba, maua ya manjano,
vinanukia nazi, sijui vimeitoa wapi,
nazi ileile ya keki za shangazi Nettie.
Ndege mwenye kishungi aliruka toka shambani
akanizomea hadi mwisho wa uzio.
Kisha nikasikia mnyororo ukidai mafuta,
nikasikia goti langu la kushoto,
nalo lina maoni yake.

Langoni pa Drumlethie kuna sanduku la mayai
na kopo la pesa lisilo na kufuli.
Nilitia pauni mbili, nikachukua sita,
nikafika nyumbani na manne mazima.
Mvua ilinikuta njiani. Mvua ya huku haipigi,
husengenya:
huanzia kwenye kola,
na ikifika soksi imeshajua mambo yako yote.

Sasa watu huniuliza.
Kina mama wa kanisani; daktari mgeni wa meno na mumewe,
wenye baiskeli nyepesi kuliko mkoba wangu.
"Elspeth, ziko wapi njia tulivu?"
Nawatandazia mfuko wa Dod, wanapiga picha,
ila pembe moja naikunja kwanza,
kama afichaye sarafu katika pindo la leso.

Pembe ile ni njia ya Fenwell.
Maili mbili na robo, haiendi popote
ila kwenye bwawa la kinu kisichosaga tena.
Hapo Dod hakuandika saa.
Aliandika: *hakuna mtu.*

Ni choyo, najua.
Mkate ukiumegwa hupungua;
kimya nacho sijui, sijathubutu kukipima.

Jumamosi iliyopita nikamkuta Struan,
mtoto wa fundi wa kwato, miaka kumi na mitatu,
baiskeli ya dadaye ya zambarau imeegemea ukuta,
mwenyewe amelala chali katikati ya lami,
mikono ameitanua,
anaota kajua ketu haka ka kuhurumiwa.
Alishtuka. Mimi nilishtuka zaidi.
Kila mmoja amemfumania mwizi nyumbani kwake.

Akakunja miguu, nikapita.
Niliinua kidole kimoja juu ya usukani,
salamu ya wakulima wa huku, isiyopoteza nguvu.
Naye akainua chake,
bado amelala.

Nyumbani nilitafuta penseli kabla ya kuvua koti.
Nikaikunjua pembe.
Chini ya maneno ya Dod, kwa herufi ndogo, nikaongeza:
*Jumamosi, saa nne: Struan.
Piga kengele kwenye kona.*