Kidole Gumba Ndani ya Kibaba

Mkataba kurasa nne, mhuri wa zambarau.
Nusu ya ujira, programu ikisimama.
Nusu ya pili niivune mwezi kwa mwezi,
kila lori likitoka ghalani Shimanzi
kwa dakika ishirini au chini yake.
Zikizidi, simdai.
"Mkono mtupu haulambwi," Bwana Bawazir akacheka,
"wewe lete wenye kitu."

Nikatia sahihi. Nani angekataa,
kodi ya chumba cha Tudor imebisha hodi mara mbili,
na mama anahesabu vidonge vyake vya sukari
akivikata nusu kwa wembe?

Wiki sita za kahawa chungu na feni inayokwaruza.
Mwezi wa kwanza: dakika kumi na tisa.
Wa pili: kumi na nne!
Pesa zikaingia simuni zikilia kama kifaranga.
Nikanunua feni mpya.

Kisha Kadzo, karani wa lango,
akanisukumia daftari lake bila salamu,
penseli imening'inia kwa uzi wa gunia.
"Soma."
Lori la saruji: lilifika alfajiri, likatoka adhuhuri.
La majani ya chai: saa mbili asubuhi, saa tisa kasorobo.
Foleni imegusa Makupa,
matingo wanasonga ugali chini ya trela,
na saa yangu mimi
haijaanza kuhesabu.

Kwani niliiamuru nini?
Anza karani abonyezapo.
Na msimamizi, alipwaye kwa dakika zile zile,
kamkataza asibonyeze mpaka uwanja uwe mweupe.
Hakuna aliyesema uongo.

Majengo, utotoni, palikuwa na muuza mchele
aliyepima kidole gumba kikiwa ndani.
Kibaba kimejaa, kila mtu anaona kimejaa.
Njaa ya usiku ndiyo iliyojua ukubwa wa kidole.

Nikafuta mstari mmoja, nikaandika mwingine:
dereva akishika mkia wa foleni,
abonyeze mwenyewe, kwa simu yake.
Kulipokucha: dakika mia mbili na kumi na moja.

"Umeniharibia programu!"
"La. Nimetoa kidole."
Kimya. Nikasikia tasbihi yake, punje kwa punje.
"Mwezi huu hupati kitu."
"Najua."
"Na huyo karani, nani alimwajiri aandike?"
"Hakuna. Halipwi kwa hilo."
Hapo akanyamaza kuliko mwanzo.

Ukurasa wa nne bado tunauvuta, yeye huku, mimi kule.
Dawa za mama nimezichukua kwa mkopo.
Feni mpya haikwaruzi, nami sipati usingizi.
Leo foleni imeishia kituo cha mafuta.
Kadzo kaandika: mia na tisini.
Akaitazama, akachonga penseli.