Mnanisikia?

Miaka kumi na tisa nimefundisha mawe
wala sikuwahi kuuliza swali hili.
Ukumbini sauti yangu ilikuwa ikigonga ukuta wa nyuma
ikinirudia na kikohozi cha mtu, mkwaruzo wa kiti,
nami najua wapo.

Leo ni jikoni, Umoja, ghorofa ya nne.
Tarakilishi iko juu ya debe la unga,
nyuma yangu nimetundika leso wasione masufuria.
Mnanisikia?
Miraba thelathini na minane, myeusi tititi,
kila mmoja na jina lake,
kama mlango uliofungwa na mtu yuko ndani.

Nyanchama anaandika: daktari, unakatika.
Nakatika. Mtu mzima, nakatika kama uzi.
Diba yuko juu ya paa, Eastleigh, kati ya kamba za nguo,
huko ndiko mtandao hushika;
shuka za watu zinasoma naye.
Chelagat hununua bando la saa moja
na somo ni la saa mbili,
basi kila wiki huijua dunia nusu ya kwanza:
kwake volkano hulipuka, haipoi kamwe.

Nilizoea kuwapitishia jiwe mkono kwa mkono.
Lilianza safu ya mbele likiwa baridi
likafika nyuma lina joto la darasa zima.
Sasa nalisogeza kwenye kamera
nalo linageuka kiazi, ukungu wa kijivu.
Hii ni fonolaiti, nasema. Nairobi imeikalia.
Chini ya lami, chini ya mabomba na mifupa ya mbwa,
iko. Ukiigonga, hulia kama kengele.
Naigonga kwa kijiko.
Mashine, kwa werevu wake, inadhani ni kelele
inaifuta.
Wanaona kijiko kikipanda na kushuka, bubu,
na mimi nikitabasamu kama mjinga.

Ndipo mraba mmoja ukawaka ukingoni.
Musembi. Muhula mzima sijamsikia.
"Daktari, niko kazini. Machimboni, Njiru.
Natafuta ada."
Upepo. Redio ya mtu. Sauti ikimkemea aweke simu chini.
"Hilo jiwe tunalijua. Fundi huligonga kabla hajalipa.
Likilia, zima. Likiitika kama sufuria,
lina ufa, tunalitupa. Ngoja."

Tukangoja.
Simu yake ya zamani haina werevu wa kufuta kitu.
Nyundo ikashuka, ikachelewa njiani,
ikafika nyembamba, imekatwa miguu,
lakini ilifika: ngiii,
miaka milioni kumi na tatu, kupitia spika ya shilingi mia nane.
Mtu akacheka. Mwingine akasema, rudia.
Akarudia. Kisha akakohoa,
kikohozi kikavu, kirefu,
na mimi niliyekitamani kikohozi cha darasani
nikashika kingo za debe.
Musembi, nikasema, hilo vumbi, una kitambaa cha—

Tokeni zikaisha.
Friji ikanyamaza, taa ya ruta ikafa.
Nimesimama na kijiko mkononi, nusu ya sentensi kinywani.
Huko kwao nadhani nyundo inaendelea,
na Nyanchama ameshaandika: daktari, umekatika,
na wanautazama, wote thelathini na wanane,
mraba mweusi wenye jina langu.