Kevi

Neno la kwanza tuliloiba lilikuwa kevi.
Bwana Haskini alilitoa mwenyewe, usiku wa prepu,
karabai ikikoroma, ukungu wa Newala
umeingia mpaka kwenye madawati.
Alisema: shuleni kwetu mmoja alikaa mlangoni,
akimwona mwalimu analirusha hilo,
na bweni zima linageuka watakatifu.
Akacheka peke yake. Akafuta miwani.

Kesho yake Oswadi Nalinga alikaa mlangoni.

Hatukujua ni Kilatini. Tulidhani ni Kiingereza,
tukalivalisha shati letu:
kukevia, kukeviana, mkeviaji,
na aliyesinzia zamu akaitwa Mkosakevi,
jina lililomfuata Barnaba hadi siku ya ndoa yake;
padri alikohoa, sisi tukainama.

Taki, kwao, ni keki na jemu
ndani ya kasha lenye kufuli.
Taki yetu ilikuwa ming'oko iliyopoa
kwenye kipande cha kanga ya mama,
na korosho tulizobangua gizani
utomvu ukitubabua vidole,
ushahidi usiofutika kwa sabuni.

Swoti: anayesoma chooni
kwa mshumaa wa kanisa.

Fagi: mdogo wa kumtumikia mkubwa.
Kwao, nasikia, ni kuchoma mkate na kung'arisha viatu.
Kwetu maji yalikuwa bondeni,
kushuka saa nzima, kupanda sijui ngapi,
debe kichwani, majani kinywani mwa debe yasimwagike.
Nilikuwa fagi wa Edmundi Chitanda miezi tisa.
Shingo yangu inakumbuka Kiingereza
kuliko ulimi.

Siku moja Haskini alikuja na raba miguuni.
Oswadi alichelewa. "Kevi!" ikatoka
mwalimu keshafika kizingitini.
Tukangoja fimbo.
Alisimama. Alitazama viganja vyake,
akavigeuza, kama mtoto anayekaguliwa kucha.
Kisha akaenda zake, na mlango hakuufunga.
Baridi iliingia usiku kucha, hakuna aliyenyanyuka.

Baadaye nami nikawa mwalimu, nikakeviwa
kwa maneno nisiyoyajua.
Mjukuu wangu anasema desa, anasema msuli, anasema njuka.
Nilimwambia, wewe ni swoti.
Akaniuliza suti ya nani, babu, kuna harusi?

Juzi nilipanda gari la Ndanda kumwona Oswadi.
Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Figo, wamesema. Chumvi marufuku,
na orodha ya marufuku imebandikwa ukutani juu ya kichwa chake.
Mkono uliobaki na nguvu ulikuwa chini ya mto,
ukatoka na korosho nne,
mbili zangu.
Tulitafuna polepole, meno yetu jumla hayafiki kumi.
Hakuniuliza watoto. Hakuniuliza bei ya mnada.
Aliuliza kama Chitanda aliwahi kuniomba radhi.
Nikasema, alikufa na deni la madebe mia tatu.
Akacheka hadi mpira wa dripu ukatikisika.

Viatu vikasikika ukumbini.
Macho yake hayaoni mlango siku hizi,
mimi ndiye niliyekaa upande wa kuona.
Miaka sabini nilikuwa fagi, sikuwahi kupewa zamu.

Nikainama sikioni kwake,
nikalisema.

Akafumba macho, mikono juu ya shuka,
mtakatifu,
ganda moja limemganda kwenye ndevu.