Chumba Kisicho na Dirisha

Mwaka huu korosho imelipa, na marehemu hayupo kuzihesabu pesa.
Tumeketi Chikongola, mimi na Binasa, mke mwenzangu,
simu ya mjukuu imeegemezwa kwenye kopo la sukari,
tunachagua meli.

Si meli ya mizigo, ile tunayoijua,
inayokuja Mtwara kumeza magunia yetu na kuondoka haijaaga.
Hii ni meli ya watu kutembea tu.
Kutembea tu!
Binasa analirudia neno hilo kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

Ya kwanza ina ghorofa kumi na nne na bwawa juu ya paa.
"Maji juu ya maji," akasema, "hao wana kiu gani?"
Ya pili ina kamari na muziki hadi alfajiri.
Tukaipita bila kusemezana.
Ya tatu ndogo, nyeupe, imechubuka kidogo mashavuni,
abiria mia tatu, inaanzia Mombasa, siku tisa,
na ukiwaandikia mapema wanakupikia cha halali.
Hiyo, nikasema. Iliyochubuka inajua njia.

Kisha bei.
Chumba chenye roshani: shamba la Nanyamba lote.
Chenye dirisha: nusu shamba, na mbuzi juu yake.
Kisicho na dirisha, kule tumboni mwa meli: hicho tunakiweza.
Shafii akauliza, kidole hewani,
"Bibi, kitanda kimoja au viwili?"

Tukanyamaza.
Miaka thelathini na moja tulimgawana mtu mmoja,
siku mbili kwake, siku mbili kwangu,
ukuta wa udongo katikati, na ukuta ule ulikuwa na masikio.
Nilikijua kikohozi chake. Alikijua kilio changu.
Hatukuwahi kulala chumba kimoja
ila usiku ule wa msiba, mkekani, na hakuna aliyelala.

"Viwili," akasema Binasa. "Mimi nakoroma."
"Najua," nikasema.

Basi tukaanza kuizoea meli kabla ya meli.
Stoo ya korosho haina dirisha. Tukaifagia,
tukaingiza vitanda vya kamba, tukafunga mlango.
Usiku wa kwanza Binasa alitoka mara tatu kutafuta mbingu.
Usiku wa pili, mara moja.
Usiku wa tatu tuliongea mpaka adhana.
Sitasema tuliongea nini,
ila jina la Chilumba lilitajwa, Mungu amrehemu,
na tulicheka mpaka tukaziba midomo kwa kanga.

Orodha ipo mlangoni, mwandiko wa Shafii:
pasi mbili, kadi za chanjo ya homa ya manjano,
vidonge vya presha vya siku tisa, na vya siku tano za dharura,
tangawizi ya kutafuna meli ikiyumba,
viatu visivyoteleza. Binasa kanunua vyekundu vya mtumba,
vya mtoto wa shule, vina taa kwenye kisigino.
Mimi nimeongeza kilo mbili za korosho, nimezibangua mwenyewe,
maana ugenini hauingii mkono mtupu
hata kama umelipa.

"Watawatengea vijiko na uma, saba saba," Shafii anatuonya.
Saba?
Tumelea watoto kumi na mmoja kwa mwiko mmoja,
na mwiko wenyewe ulikuwa wa kugombewa.

Jirani Bi Likumbage amepita, kachungulia stoo,
kasema wajane wanakula shamba.
Ndiyo, tukamjibu, na tunalitafuna taratibu.

Jana namba ya chumba imefika: mia mbili kumi na saba.
Binasa akaitazama muda mrefu, kisha akauliza,
"Na meli ikigeuka, kibla kinahamia wapi?"
Shafii akakuna kichwa.
Tutauliza huko huko.

Sasa taa imezimwa. Stoo inanuka maganda na dawa ya kuchua.
Mwenzangu anavua viatu vyake, vinamulika, vinazima.
Leo upande wa mlango
ni zamu yangu.